GB si hoja: kuchagua kadi ya grafiki ya bei nafuu kwa sinema ya sebuleni

Ingia duka lolote la kompyuta za mtumba Kariakoo, au panda ghorofa za Moi Avenue jijini Nairobi, useme unatafuta kadi ya grafiki ya kuunganisha kompyuta na TV. Jambo la kwanza utakaloambiwa ni GB. "Hii ina GB nne, bosi, inapiga kila kitu." Bei hupangwa kwa GB, kadi hupangwa rafuni kwa GB, na mnunuzi huondoka akijisifu kwa GB. Kwa mtu wa gemu hesabu hiyo ina maana kiasi chake. Kwa anayetaka kutazama filamu sebuleni haina maana karibu yoyote, na ndiyo inayowafanya watu walipie kadi isiyowafaa na kuipita ile ndogo ambayo ingemaliza kazi.

Filamu yoyote unayoipata kwenye flashi au mtandaoni imebanwa. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8, na filamu ya kawaida hupitisha fremu 24 kila sekunde. Bila kubanwa kwa kodeki, yaani kanuni ya kubana na kufumbua video, hakuna diski wala bando lingetosha. Ukibonyeza kitufe cha kucheza, lazima kitu fulani kizifumbue fremu hizo kwa wakati. Kazi hiyo inaweza kufanywa na prosesa kwa nguvu zake zote, au na saketi maalumu iliyofichwa pembeni mwa chipu ya grafiki, king'amuzi kidogo kisichojua kazi nyingine. Intel huiita Quick Sync, NVIDIA huiita NVDEC, AMD kwenye chipu zake za karibuni huiita VCN. Saketi hiyo ikiijua kodeki ya faili lako, filamu inakwenda laini huku mashine ikiwa baridi. Isipoijua, mzigo wote unarudi kwa prosesa, feni inaanza kuvuma na picha inakwamakwama.

Nguvu ya gemu haihusiani na hilo. GTX 780 Ti ilitoka mwishoni mwa 2013 kwa dola 699, ikila wati 250, na ilikuwa miongoni mwa kadi kali kuliko zote za wakati wake. Haina saketi ya kufumbua kodeki ya HEVC. GT 1030 ilitoka 2017 kwa takriban dola 70, inakula wati 30, kwenye gemu haifui dafu mbele ya ile, lakini inafumbua HEVC ya 4K bila kutoa jasho. Mwenye 780 Ti aliyeinunua kwa bei ya kutupa akidhani ameokota dhahabu atashangaa kuona kadi ya ukubwa wa kiganja inamshinda kwenye kazi aliyoinunulia.

Kwa hiyo uchaguzi unaanzia kwenye faili. Ukiwa unatazama zaidi filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ, video za muziki, na mafaili ya miaka iliyopita unayonakiliwa kwenye maktaba za mtaani, nyingi kati ya hizo ni H.264, kodeki ya mwaka 2003, au hata kodeki za zamani zaidi zilizotoka kwenye DVD. Hakuna kadi ya miaka kumi na tano iliyopita inayoshindwa na hizo. Hapo huna sababu ya kununua kitu, labda kama mashine yako haina tundu la HDMI.

Mambo yalibadilika HEVC ilipokuja, 2013. Kwa ubora uleule, faili la HEVC huweza kuwa karibu nusu ya lile la H.264, na kwa watu wanaopakua kwa bando la simu nusu hiyo ni fedha taslimu. Msimu mzima wa tamthilia ukaanza kuenea kwenye flashi ya GB 8. Kisha wanaobana mafaili wakahamia HEVC ya biti 10, ambayo huondoa ile michirizi inayoonekana kwenye anga la jioni au ukuta wenye kivuli. Mtazamaji hakuambiwa lolote. Aliona tu kwamba tamthilia iliyokuwa ikicheza vizuri msimu wa kwanza inaganda msimu wa tatu, akailaumu flashi.

Kiasi cha kuganda kinategemea ukubwa wa picha. HEVC ya 1080p hufumbuliwa na Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne kwa nguvu tu. Feni italalamika lakini filamu itaisha. Ya 4K biti 10 ni habari nyingine: i5 ya kizazi cha tatu hupanda hadi asilimia 100 na picha bado inaachana na sauti. Na kwa YouTube, picha yoyote iliyo juu ya 1080p haitolewi kwa H.264, huja kwa VP9 au kwa AV1, kodeki ambayo muungano ulioanzishwa 2015 na Google, Netflix, Intel na wenzao uliikamilisha 2018. AV1 inabana zaidi ya HEVC na haidai mirabaha, kwa hiyo itaongezeka. Kwa leo bado si ya lazima, kwa sababu kifaa kisichoiweza hupewa VP9.

Wapenzi wa katuni za Kijapani wana mwiba wao wa pekee: mafaili ya H.264 ya biti 10. Hakuna kadi ya bei nafuu inayoyafumbua. Prosesa ndiyo itakayofanya kazi, na kwa bahati nzuri mengi ni ya 1080p kushuka chini, kwa hiyo i5 ya kawaida inatosha. Usidanganywe kununua kadi kwa ajili hiyo.

Sasa angalia prosesa uliyonayo, maana huenda kadi tayari unayo ndani yake. Mashine nyingi za mtumba zinazoingia kutoka maofisi ya Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zina prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani. Kizazi cha sita, cha 2015, kinafumbua HEVC ya biti 8 tu. Kizazi cha saba ndicho mpaka: kuanzia hapo HEVC ya biti 10 na VP9 vinafumbuliwa kikamilifu. AV1 ilianza kwenye kizazi cha kumi na moja. Kwa mashine za Dell, OptiPlex 7010 ya awali ni kizazi cha tatu, 9020 ni cha nne, 7040 cha sita, 7050 huja na cha sita au cha saba, 7060 cha nane. Tofauti ya bei kati ya 7040 na 7060 dukani mara nyingi inakaribia bei ya kadi yenyewe. Aliye bado hajanunua mashine aongeze fedha apate kizazi cha nane, asahau kadi. Tena Windows 11 nayo inaanzia hapohapo kwa prosesa za Intel, na Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 2025.

Kuna mtego mmoja kwenye mashine hizo unaowapata hata mafundi wazoefu. Tundu la HDMI la grafiki ya ndani ya Intel, kuanzia kizazi cha saba hadi cha kumi kwenye kompyuta za mezani, kwa kawaida ni la toleo 1.4, linalotoa 4K kwa mizunguko 30 tu kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 itapita, lakini mshale wa kipanya utakokota na mpira wa ligi utaonekana kuruka. Dawa yake iko kwenye tundu la pembeni la DisplayPort, ambalo hutoa 4K kwa mizunguko 60. Unahitaji kigeuzi cha DisplayPort kwenda HDMI 2.0, kile chenye chipu ndani yake. Vile vigeuzi vya bei ya soda havina chipu hiyo na vitakurudisha palepale pa mizunguko 30. Kigeuzi sahihi ni sehemu ndogo ya bei ya kadi, na watu wengi waliouziwa kadi walikuwa wanahitaji kigeuzi tu.

Tena pima TV. Ile ya inchi 32 iliyojaa majumbani mwetu kwa kawaida ina pikseli 1366 kwa 768. Kununua kadi ya 4K kwa skrini hiyo ni kununua kitu usichoweza kukiona, ingawa bado unaweza kuhitaji kifumbuzi cha HEVC kama mafaili yako ni ya aina hiyo.

Baada ya hayo yote, tuseme una OptiPlex 9020 nzuri, i5 ya kizazi cha nne, na umenunua TV ya 4K ya inchi 50. Hapo kadi ina maana. Kwenye meza ya muuzaji utakutana kwanza na GT 710 na GT 730, mpya ndani ya boksi linalong'aa, na GB mbili au nne zimeandikwa kwa herufi kubwa. Ziache. Ni chipu za zama za 2014 na nyuma yake, HEVC hazifumbui, HDMI yake ni 1.4, na NVIDIA iliacha kutoa madereva mapya kwa kizazi hicho cha Kepler tangu 2021. Boksi ni jipya, kilichomo ni cha kale. Sioni kadi inayouzwa kwa kosa kubwa zaidi ya hii katika soko letu.

GT 1030 ndiyo kadi ambayo kwa miaka imekuwa jibu la swali hili: HDMI 2.0, HEVC ya biti 10, VP9, hakuna waya wa ziada wa umeme, na zipo zisizo na feni kabisa. Ila tazama memori yake. Mwaka 2018 likatoka toleo la DDR4 chini ya jina lilelile, lenye kasi ya memori ya karibu GB 17 kwa sekunde badala ya 48 za toleo la GDDR5. Kifumbuzi ni kilekile, lakini kila kazi ya kurembesha picha baada ya kufumbua inaumia. Huandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo. Kwa kadi ya mtumba isiyo na boksi, programu ya GPU-Z itakuambia. AV1 haijui. Mwisho wa huduma pia umeshatangazwa: NVIDIA imeiweka pamoja na kizazi chake chote cha Pascal kwenye masahihisho ya usalama pekee, hadi Oktoba 2028. Kwa filamu hilo si msiba, maana dereva wa leo ataendelea kufumbua HEVC ileile.

Ndugu zake wakubwa, GTX 1050, 1050 Ti na 1650, wanafumbua karibu vitu vilevile. Kama lengo ni sinema peke yake, unawalipa kwa nguvu ya gemu. Kuna sababu moja halali ya kuwachukua, nayo nitaifikia.

Upande wa AMD, RX 6400 ya 2022 ina HDMI 2.1, inakula wati 53, hupatikana kwa umbo fupi, na inafumbua HEVC na VP9. AMD waliinyima AV1, ingawa ndugu zake wakubwa wa kizazi hichohicho wanayo; uamuzi wa ubahili ambao sijaona hoja ya kuutetea. Wachezaji gemu huilalamikia pia kwa kutumia njia nne tu za PCIe, jambo linaloiumiza kwenye ubao wa zamani, lakini mkondo wa video ni mwembamba mno kuujaza upenyo huo. Anayetumia Linux, iwe LibreELEC au nyingine, atapata usumbufu mdogo kwa AMD au Intel kuliko kwa NVIDIA.

Kisha kuna Intel Arc A310 na A380 za 2022. Kwa kufumbua video hakuna kadi ya bei nafuu inayozifikia: H.264, HEVC, VP9, AV1, na AV1 si kusoma tu bali hata kuandika, kitu kinachowavutia wenye seva ya Jellyfin au Plex inayogawa filamu kwa simu za nyumba nzima. Zina masharti. Zinataka ubao unaowaka kwa mfumo mpya wa UEFI, na Intel wanazipendekeza kwa mashine za kizazi cha kumi kuja juu. Kwenye mashine ya zamani gemu zitasuasua, video kwa kawaida itakwenda. Zinajulikana pia kwa kula umeme hata zikiwa zimetulia. Na RTX 3050 ya GB 6, ya Februari 2024, ni kadi nzuri sana ya wati 70 isiyohitaji waya wa ziada, yenye AV1, lakini bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 169. Kwa fedha hizo unakaribia kompyuta ndogo kamili yenye prosesa ya Intel N100, ambayo nayo inafumbua AV1 na HEVC ya 4K, na prosesa yake imekadiriwa wati 6 tu. Hapo neno "nafuu" limeshatoka chumbani.

Sababu halali ya kutaka misuli ni HDR, mfumo wa picha zenye upeo mpana zaidi wa mwanga. Faili la 4K la HDR likichezwa kwenye TV isiyo na HDR hutoka limepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Programu kama mpv, au madVR kwenye Windows, hukokotoa upya mwanga wa kila pikseli ili rangi zirudi, na kazi hii haifanywi na kile kifumbuzi. Inafanywa na sehemu ileile ya chipu inayochora gemu. GT 1030 hapa hutweta kwenye 4K, na ya DDR4 hukata tamaa mapema. GTX 1650 inapumua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetaka kukuza picha ya zamani ya DVD ijaze skrini kubwa bila ukungu. Mwenye TV ya HDR ya kweli hahitaji hayo, apeleke ishara ilivyo. Dolby Vision, aina mojawapo ya HDR, ni kisirani cha aina yake: mafaili fulani yakifunguliwa na programu isiyoielewa, nyuso za watu hutoka zambarau na kijani, na hakuna kadi ya kurekebisha hilo. Badilisha programu.

Wengi huhukumu kadi kwa picha kutetema wakati kamera inapita polepole, kumbe tatizo ni hesabu. Filamu nyingi kwa hesabu kamili zina fremu 23.976 kwa sekunde, TV imewekwa mizunguko 60, kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu. Jicho linahisi. Programu ya Kodi ina mpangilio wa kubadilisha mizunguko ya skrini ifuate video. Uwashe, tatizo linaisha bila kutoa senti. Isipokuwa kwenye grafiki ya ndani ya kizazi cha pili cha Intel, kama ya OptiPlex 790: hizo hutoa 24 kamili badala ya 23.976, na tofauti hiyo ndogo hulazimisha picha kujikwaa mara moja kila sekunde 40 hivi. Kadi yoyote ya kawaida hulimaliza hilo. Vipindi vya stesheni zetu, vinavyofuata mizunguko 50, havina shida hiyo ya desimali.

Kuhusu sauti, maelezo ni mafupi. Kadi zote nilizozisifu hupitisha Dolby TrueHD na DTS-HD kwa HDMI hadi kwenye risiva. Kama unasikiliza kwa spika za TV au sabufa ya kawaida, swali hilo halikuhusu.

Netflix ya 4K ina sheria zake. Kwenye Windows inataka kivinjari cha Edge au programu yao wenyewe, ulinzi wa HDCP 2.2 kuanzia kadi hadi TV, na NVIDIA waliweka sharti la angalau GB 3 za memori. GT 1030 ya GB 2 inafungiwa nje. Hapo kwa mara moja GB ikawa hoja. Mimi nisingenunua kadi kwa ajili ya Netflix; programu iliyomo ndani ya TV yenyewe hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kompyuta ibaki kwa mafaili yako.

Tuje kwenye kasha la mashine. Mashine za ofisi za umbo jembamba huchukua kadi fupi tu, na pawa saplai zake nyingi ni za wati mia mbili hivi, bila waya wa kadi. Sloti yenyewe hutoa wati 75, kwa hiyo baki chini ya hapo. Zile RX 580 zilizofurika sokoni baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuachana na uchimbaji Septemba 2022 zinakula wati 185 na hazikai humo hata kwa kusukuma, achilia mbali kwamba nyingine zilichemshwa usiku na mchana kwa miaka. Kadi isiyo na feni ni tamu kwa ukimya, ila kwenye kabati la TV lililofungwa, Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, joto halina pa kwenda. Toa ubao wa nyuma wa kabati, au chagua yenye feni na uisafishe vumbi mara kwa mara. Umeme usikutishe: mashine nzima ya wati 50 ikicheza saa 4 kila siku inakula uniti 6 kwa mwezi.

Unapokwenda kununua, beba flashi yenye mafaili matatu: H.264 ya 1080p, HEVC ya 4K biti 10, na la AV1 kama unalihitaji. Omba kadi ichomekwe, fungua Task Manager upande wa GPU, cheza faili la HEVC uone mchoro wa ufumbuaji wa video unapanda huku prosesa ikibaki chini. Ukiona kinyume chake, hakikisha kwanza dereva amewekwa, kisha rudisha kadi. GPU-Z nayo huzitambua chipu za zamani zilizoandikwa jina jipya, na huweka neno la kuonyesha kuwa ni bandia mbele ya jina. Alama nyingine haihitaji programu: kizazi cha GTX 1050 Ti hakitoi ishara ya VGA, kwa hiyo "1050 Ti" yenye tundu la buluu la VGA karibu kila mara ni chipu ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 iliyovalishwa koti.

Na uliza bati fupi, kile kipande cha chuma kinachoshikilia kadi kwenye kasha, kabla ya kulipa. Kadi nyingi za umbo dogo hutoka kiwandani na bati mbili, ndefu na fupi, na kwenye mtumba ile fupi huwa imepotea. Mafundi wengine hufunga kadi bila bati kabisa. Kebo nene ya HDMI ikivutwa mara mbili tatu wakati wa kufagia nyuma ya TV, kadi inachomoka kwenye sloti, na utarudi dukani ukidai imeungua.